Darubini Iliyoonyesha Safi

Ndugu zangu, funikeni Biblia kidogo mnisikilize. Palikuwa na bwana nyama mmoja, askari wa wanyamapori, aliyepangiwa kijiji kinachopakana na pori la akiba. Watu walimpenda kwa shabaha yake. Bunduki yake ilikuwa na darubini juu, na akishaweka jicho pale, mnyama aliyeingia kwenye makazi harudi porini. Naye sifa zilimwingia. Akikaa kilabuni husema, "Bunduki yangu haijui kukosa." Mtu akifika hapo, mjue ameanza kujitafutia matatizo.

Basi akaja simba. Akachukua ng'ombe, akachukua mbuzi, kisha akamrarua mkono mchungaji. Mchungaji wa ng'ombe, msinitazame mimi. Bwana nyama akamlenga mchana kweupe, simba amesimama wazi kando ya bwawa. Akakosa. Akazungusha kile kifundo cha kurekebisha darubini, kidogo kushoto. Kesho yake akakosa upande mwingine, akazungusha kulia. Kila akikosa, anazungusha.

Kijijini maneno yakaanza. Kama bunduki haijui kukosa, na imekosa, basi yule si simba wa kawaida. Ametumwa. Katumwa na nani? Ninyi mnajua swali hilo huishia kwenye nyumba gani. Liliishia kwa bibi kizee mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, hana mtoto wa kumtetea. Vijana wakamng'olea mlango, wakambomolea jiko, wakamwambia jua lisizame yuko hapo.

Habari zikamfikia bwana nyama asubuhi ileile, akaiacha chai mezani. Alijua ni majigambo yake yaliyompeleka bibi wa watu pale. Akaapa kwamba haondoki mpaka ajue bunduki ina nini. Akaenda nyuma ya ghala la pamba, akasimamisha ubao, na safari hii akakataa kabisa kugusa kifundo. Akaamua kubadilisha kitu kimoja kimoja.

Akatia risasi kutoka boksi jipya. Matundu yakatawanyika. Akasafisha mtutu, yakatawanyika vilevile. Akajaribu skrubu za darubini, akakuta zimekaza. Akailaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili asiusingizie mkono wake. Bado, moja juu, moja pembeni, na yeye hajasogeza kitu. Mwishowe akaifungua darubini, akaiweka chini, akalenga kwa kile kinundu cha chuma kilichoko mbele ya mtutu, kama walivyolenga babu zetu. Risasi zikakaa pamoja, ungezifunika kwa kiganja.

Akaiokota darubini, akachungulia. Kioo safi. Mti wa ng'ambo ya bonde ungehesabu matawi yake. Hapo ndipo ilipomdanganyia, ndugu zangu. Ingekuwa na ufa angeitilia shaka siku ya kwanza. Akaitikisa sikioni, akasikia kitu kinacheza ndani.

Watu walikuwa wameshajaa. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Tumeona wenyewe, bwana nyama. Bunduki nzima, mkono mzima. Darubini imechezewa. Sasa ushahidi wa uchawi wa yule bibi tumeupata."

Mnaona mambo hayo? Mtu kahangaika kuutafuta ukweli, na wao wanauokota wakambomolee bibi nyumba iliyobaki. Bwana nyama angeweza kunyamaza. Silaha ile ni ya serikali. Ukiiangusha, unatoa taarifa siku hiyohiyo, na usipotoa, kazi huna. Nani angejua?

Akasema, "Mwenyekiti, hakuna aliyeichezea. Nilianguka na pikipiki korongoni nikitoka kilabuni. Bunduki ikapiga mwamba. Nikafuta vumbi, nikaona kioo hakijapasuka, nikanyamaza."

"Unajua unachosema? Hiyo kazi utaipoteza."

"Najua. Mwacheni bibi."

Na simba je? Najua mnamtaka simba, wengine hamjanisikiliza tangu nilipomtaja. Alimfuata kwa miguu, bila darubini, akamsogelea mpaka akaona mbavu zake zikipanda na kushuka, akampiga, akaanguka. Haya, rudini kwangu.

Kabla ya jua kuzama, mwenyekiti akaenda kwa bibi na wale vijana, wamembebea mlango wake. Wakamkuta ameketi juu ya mzigo. Mwenyekiti akasema, "Bibi, utusamehe. Kumbe ilikuwa bunduki tu, imekosa shabaha."

Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Bunduki ya mwanangu yule imekosa," akasema. "Ninyi mmenilenga mimi, wala hamkukosa." Akajitwika mzigo wake, akaondoka.

Ndugu zangu, mimi sina wasiwasi na macho yetu sisi tulioko humu ndani. Tunaona vizuri mno. Tunamwona mkwe alivyo mchawi, tunamwona jirani alivyo na kijicho, tunamwona yule wa kwaya na nguo zake. Picha safi kabisa. Na mambo yakitwendea kombo tunazungusha kifundo tu: tunahama kanisa, tunagombana na ndugu mwingine, tunafunga na kuomba adui zetu waaibike. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuifungua hiyo darubini anayochungulia, akaiweka chini, akauliza ilipigwa na nini? Ni lile shamba la urithi? Ni mchumba aliyekuacha? Ulianguka nayo wapi, ukafuta vumbi ukanyamaza?

Leo siiti mtu mbele kuombewa. Mbele hapa hakuna mtu uliyemwumiza. Yuko nyumbani kwake, na wewe nyumba unaijua. Tukitoka hapa usipitie sokoni, usipitie popote. Nenda ukapige hodi. Inawezekana anafunga mzigo sasa hivi.