Jumbe Kiboko Aonja Sheria ya Mbwa

Hapo zamani za kale, tulieni basi, na wewe acha kumfinya mwenzio, wanyama walikuwa na nyumba kama zetu, na kila nyumba ilikuwa na mbwa mlangoni. Wanyama wote walikuwa na kauli. Mbwa peke yao walibweka tu, ndiyo maana kila lililoharibika kijijini lilisemwa ni kosa lao.

Katika kijiji cha Jiwepana aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Lakini kichwani mle, wanangu, mlikuwa mnachemka kutwa.

Bi Pimbi alikuwa na mbwa aliyeitwa Taratibu. Taratibu alikuwa wa mbegu ya vichwa vikubwa, kichwa kama chungu cha harusi. Wakipita njiani usingejua nani kamleta nani. Hata hivyo Bi Pimbi hakutoka naye hata siku moja bila kamba.

"Bi Pimbi, mbona unamfunga kamba mbwa mpole hivyo?" majirani walimuuliza.

"Upole ni wake, ndugu zangu, na meno pia ni yake," alijibu. "Akikanyagwa mkia mtamwambia nini, asamehe?"

Taratibu alikuwa na ndugu yake, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Huyo aliitwa Kiama, na bwana wake alikuwa Jumbe Kiboko, mkuu wa kijiji, mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Getini kwake Kiboko aliandika kibao kwa chokaa: HATARI! MBWA MKALI. Akaona aibu kibao kisije kikasema uongo, basi akakifanyia kazi. Alimfunga Kiama kwa mnyororo mfupi nyuma ya ghala, juani. Alimtupia ukoko wa ugali ulioungua. Kila asubuhi aliwatuma wanawe wamchokoze kwa fimbo kupitia ua.

"Mbwa akicheka na watu, wezi watacheka na mimi!" alisema Kiboko, akacheka mwenyewe.

Siku moja Bwana Ngiri alipita hapo na kikapu cha viazi vitamu vya kuchoma. Hakumsemesha mtu, hakumtazama mtu. Mara, kacha! Mnyororo ukakatika. Ngarrr!

"Uwiii! Mama wee! Paja langu!"

Watu wakaja na mipini ya majembe, wakamtenga Kiama na paja la Ngiri. Ngiri alilala wiki nzima. Alipoamka alitembea kwa mkongojo, na viazi hakutaka hata kuvisikia.

Kijiji kikaitwa barazani. Macho yote yakamgeukia Jumbe Kiboko. Kiboko akajikohoza.

"Wananchi! Najua mnanitazama mimi. Mnakosea! Tatizo ni mbegu. Kiama alitunzwa kwangu kama mwanangu wa kumzaa. Alikula vizuri, alilala vizuri, alichezewa na watoto kila asubuhi. Kama na huyo aling'ata, basi hii mbegu ya vichwa vikubwa imelaaniwa!"

"Sahihi kabisa, Jumbe!" akaitikia Fisi. Fisi alikuwa karani wa kijiji, na ukarani wenyewe ulikuwa kuitikia.

"Kwa hiyo natoa sheria," akanguruma Kiboko. "Kila mbwa apimwe kichwa kwa pishi ile ya kupimia mtama. Kichwa kikiingia ndani ya pishi, huyo mbwa mwema. Kisipoingia, huyo hatari! Afungwe mnyororo siku tatu, na siku ya nne gunia, jiwe, mtoni. Chubwi!"

Nyati akainua mkono. "Wangu mimi kichwa kinaingia, Jumbe. Ingawa ameshang'ata watu watano."

"Huyo anacheza tu," akasema Fisi, akaandika: mwema.

Watu wakapiga makofi. Hata Ngiri alipiga, kwa mkono mmoja, maana wa pili ulishika mkongojo.

Bi Pimbi alikuwa amekaa pale chini. Kichwa cha Taratibu pishini? Hata pua isingeingia. Akilini alimwona mbwa wake ndani ya gunia. Alitaka kupiga kelele. Lakini alijua wangesema nini: ah, huyu anatetea mbwa wake. Akameza machozi, akasimama, akapiga vigelegele.

"Lililililiii! Sheria tamu hii! Tangu nizaliwe sijaona sheria tamu kama hii! Sasa Jumbe wetu, unaanza lini kuionja?"

Hapo lazima niwaeleze kitu. Jiwepana sheria ilikuwa kama mchuzi: aliyeipika ndiye huionja kwanza, siku tatu, mbele ya watu. Hiyo ndiyo mila yao tangu mababu. Sheria ambayo haijaonjwa haikuweza hata kumfukuza kuku.

Na Kiboko aliipenda mila hiyo kupita kiasi. Kwa nini? Sheria yake ya kwanza ilisema kila nyumba impelekee Jumbe boga. Aliionja mpaka akashindwa kuinuka. Ya pili ilisema Jumbe asiamshwe kabla ya adhuhuri, nayo aliionja akikoroma, watu wakimpepea. Basi kusikia neno kuonja tu, mate yakamjaa.

"Nitaonja!" akasema upesi. "Nani kasema sitaonja? Naanza leo!"

"Ahsante, Jumbe. Mimi mjinga nilidhani utaogopa."

"Mimi? Niogope sheria yangu mwenyewe? Thubutu!"

"Basi pishi ije," akasema Bi Pimbi kwa adabu.

Fisi akaileta pishi, akaiweka juu ya kichwa cha Jumbe. Akasukuma. Akazunguka upande wa pili akasukuma tena, ulimi nje, jasho linamtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Jumbe, limeingia sikio."

"Andika, Bwana Karani," akasema Bi Pimbi. "Sikio moja."

Kwi kwi kwi! Watu walianza kucheka, wakajifanya wanakohoa.

"Kwa hiyo Jumbe ni wa hatari," akasema Bi Pimbi.

"Kwa kuonja tu!" Kiboko akang'aka.

"Kwa kuonja tu, Jumbe, Mungu apishie mbali. Na gunia hatutalifikia, mpishi hamalizi chungu. Ni mnyororo tu, siku tatu, utunzwe vilevile alivyotunzwa Kiama. Si umesema alitunzwa kama mwanao?"

Kiboko akafungua kinywa. Akaona baraza zima linamtazama. Akikataa, amekiri kwamba Kiama hakutunzwa.

"Nimesema," akanung'unika. "Alitunzwa vizuri sana."

"Basi sikilizeni, jamani." Sasa sauti ya Bi Pimbi ilitetemeka kweli. "Jumbe wetu anajulikana kwa upole. Akimaliza siku tatu za matunzo hayo bila kumng'ata mtu, tutajua malezi hayana neno, mbaya ni mbegu. Na mimi nitamtia Taratibu guniani kwa mikono yangu hii."

Alipofika nyumbani Bi Pimbi alimkumbatia mbwa wake shingoni, akalia mpaka manyoya yakalowa. Taratibu akamlamba uso, hajui lolote.

Siku ya kwanza Kiboko alifungwa nyuma ya ghala, kwa mnyororo uleule uliounganishwa upya, Kiama akiwa amefungwa kwingine. Jua likapanda. Ngozi ya kiboko na jua, mnajua wenyewe, haviivani.

"Maji!" akaita.

"Kiama alikuwa akipewa saa ngapi?" Bi Pimbi akawauliza watoto wa Jumbe.

"Tukikumbuka," wakajibu.

"Basi msije mkakumbuka mapema."

Siku ya pili akatupiwa ukoko. Kiboko, mla maboga, alipewa ukoko! Aliutafuna karr, karr, akiwalaani mababu walioanzisha mila. Na asubuhi hiyo wanawe wakaja na fimbo zao. Aliyewafundisha kazi ile ni baba yao, na watoto walikuwa watiifu.

"Chu! Chu! Mkali! Mkali!"

"Acheni! Mimi ni baba yenu!"

"Na Kiama alikuwa ndugu yetu, baba. Ulisema barazani."

Chu! Fimbo ubavuni.

Siku ya tatu Bi Pimbi alikaa kwenye jiwe mbele ya ua tangu alfajiri. Lo, wanangu, hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Kiboko alikuwa ameuma meno, macho mekundu, lakini kimya. Alijua akifika machweo bila kung'ata, ameshinda. Jua likafika utosini. Kimya. Jua likaanza kushuka. Kimya. Na gunia lilikwisha kuletwa, limening'inizwa mlangoni kwa Bi Pimbi, Fisi mwenyewe ndiye aliyelitundika.

"Unaliona jua hilo, Bi Pimbi?" Kiboko alikoroma kupitia ua. "Bado kidogo tu. Nenda ukamuage mbwa wako."

Bi Pimbi akainuka kwenye jiwe. Kisha akakumbuka kwamba hata Kiama hakung'ata kwa sababu ya fimbo peke yake. Alizivumilia fimbo siku nyingi. Akakimbia nyumbani tititi, akawasha moto, akachoma viazi vitamu mpaka vikatoa asali. Akavitia kikapuni, akamwita Fisi.

"Bwana Karani, siku tatu hizi umeandika mpaka vidole vimevimba. Chukua viazi hivi ukale na watoto. Pita njia ya nyuma ya ghala la Jumbe, ni fupi."

Hakumwambia amchokoze Jumbe, hata kumtazama hakumwambia. Apite tu.

Fisi akapita, kikapu mkononi, mdomo umeshajaa, nyam nyam nyam. Harufu ikaruka ua kabla yake. Pua ya Kiboko ikacheza. Tumbo likaunguruma, ngurrr. Masikio yakasimama.

Kacha! Mnyororo ukakatika.

Ngarrrr!

"Uwiiii! Makalio yangu! Mama wee, nakufa! Jumbe ananila!"

Kijiji kizima kilikuja mbio. Wakamkuta Fisi kalala kifudifudi, na Jumbe Kiboko kasimama juu yake, nusu ya kanzu ya karani kinywani, kiazi kwenye kila shavu.

"Jumbe!" wakasema. "Umemng'ata karani wako!"

Kiboko akatema kanzu. Hasira za siku tatu zikamtoka kwa mpigo mmoja.

"Msinilaumu mimi! Mfungeni yeyote juani siku tatu! Mnyimeni maji, mlisheni ukoko, watoto wamchome fimbo kutwa, halafu mpitishieni chakula puani! Mnadhani hatang'ata? Hata malaika angeng'ata!"

Nzi wakaanza kutua kwenye viazi vilivyomwagika.

Bwana Ngiri akajipenyeza mbele, ko, ko, ko, kwa mkongojo wake.

"Rudia hayo, Jumbe," akasema taratibu. "Wiki ile niliyolala kitandani sikuyasikia."

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama miguu yake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimekosa, Ngiri," akasema. "Aliyekung'ata ni mimi."

"Andika, Bwana Karani," akasema Bi Pimbi.

"Naandika," akalia Fisi, bado kifudifudi. "Malaika... angeng'ata... Uwii!"

Siku hiyohiyo pishi ilirudishwa kwenye mtama. Barazani pakatungwa sheria nyingine: mbwa aking'ata, awe na kichwa cha chungu au cha kikombe, aulizwe kwanza bwana wake amemlisha nini, amemfunga vipi, na nani alishika kamba. Nyati akakumbuka ghafla kuwa ana haraka nyumbani, lakini wale watu watano wakamshika mkia wakamkalisha.

Kiama alipelekwa kwa Bi Pimbi. Msidhani alipona kwa siku moja. Ilichukua misimu miwili ya mvua mpaka akaacha kunguruma akiona fimbo, na muda wote huo Bi Pimbi hakumwachia kamba hata kwa kuvuka kichochoro. Naye Jumbe Kiboko alikatazwa kufuga mbwa maisha yake yote, akabaki akilinda geti lake mwenyewe.

Kwa hiyo, wanangu, mkiona mbwa mkali, msikimbilie kumpima kichwa. Mpimeni kwanza aliyemfuga.