Mwalimu Nyani na Kikapu cha Darasa la Kwanza

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmeyaosha?

— Tumeyaosha!

Na yule wa nyuma anayetafuna muwa?

— Naye kaosha!

Haya. Zamani hizo wanyama walikuwa na shule, sisi binadamu hatujui hata chaki inashikwa vipi. Huko bara, kwenye majabali, palikaa Pimbi mmoja mjane na binti yake, Sikitu. Pimbi mnamjua. Kamnyama kadogo, hata mkia hakana. Sikitu alikuwa darasa la nne, anasoma, anazidisha, anagawanya. Mwaka ule chemchemi yao ikakauka kabisa. Mama Pimbi akasema, "Mwanangu, tuhamie pwani."

Sikitu akauliza neno moja tu: "Na shule?"

"Shule zipo."

Basi wakatembea, tiki tiki tiki, siku ishirini na moja. Sikitu kashika barua yake ya uhamisho mkononi, mvua haiigusi, jua haliigusi.

Pwani wakapata jirani, Bi Kaa. Mama Pimbi akamwuliza, "Jirani, watoto wa huku wanasoma wapi?"

"Shule ziko tatu, mwenzangu," akasema Bi Kaa. "Jaribu, uchague."

Wakaenda shule ya Kasa. Mwalimu mzuri, mpole, ila darasa liko chini ya bahari. Sikitu akaingia, blubu blubu blubu, akatoka maji yanamchuruzika puani. Haikumfaa.

Wakaenda shule ya Popo. Mwalimu mzuri, mcheshi, ila wanafunzi wananing'inia miguu juu, kichwa chini. Sikitu akaning'inia, akaning'inia, pu! Haikumfaa.

Wakaenda shule ya Nyani, juu kilimani. Madawati yapo, kivuli kipo, kengele inalia ngo! ngo! ngo! Ikamfaa. Lakini huyo Mwalimu Mkuu Nyani, jamani! Kifua hiki, meno haya, na tumbo ndiyo usiseme.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Bara, Mwalimu."

"Anayetoka kwingine huanza darasa la kwanza. Kikapu kiko wapi?"

Maana sheria ya pale, mtoto wa darasa la kwanza huleta kikapu cha matunda kila Jumatatu. Akifika la pili haleti kitu. Sasa nyie mnadhani nani alifika la pili?

— Hakuna!

Hakuna! Madarasa ya juu yalikuwa matupu, buibui ndio waliosoma humo. Mtoto wa Digidigi alikuwa la kwanza mpaka pembe zikamwota. Mtoto wa Kanga alikuwa la kwanza mpaka akaanza kutaga. Na wote walihamia kutoka kwingine.

"Mwanangu ni wa la nne," akasema Mama Pimbi. "Barua yake hii hapa."

Nyani akaipokea, akajifutia maji ya papai mdomoni, akaitupa.

"Barua gani?"

Basi Sikitu akaanza la kwanza. Nyani anasema "A!", darasa linaitikia "Aaa!" Nyani anasema "E!", darasa linaitikia "Eee!" Kesho tena "A!", keshokutwa tena "A!" Wiki za mwanzo Sikitu alicheka. Baadaye akaacha kucheka, kisha akaacha kuongea. Jioni moja akamwambia mama yake, "Mama, labda kweli sijui kitu. Labda la nne la bara si la nne."

Mama Pimbi moyo ulimuuma, nami ninayesimulia unaniuma. Kiu aliivumilia, safari aliivumilia, lakini hilo hakulivumilia. Mtoto anayejua kuambiwa hajui, mpaka naye akaamini!

Akaanza kumchunguza huyo Mwalimu Mkuu. Akagundua kitu. Alasiri watoto wote hushuka ufukweni kucheza. Sikitu naye hushuka, na Bi Kaa humfundisha mambo ya bahari: maji yanapwa lini, yanajaa lini, njia ya mchanga ya kwenda kisiwani inatokeza saa ngapi. Lakini Nyani hakushuka hata siku moja. Daima yuko kilimani, na Bi Kaa anasema ni miaka kumi na moja sasa.

Jumatatu ilipofika Mama Pimbi akaleta kikapu kitupu.

"Ala! Mbona kitupu?" akanguruma Nyani.

"Mwalimu wangu, nimeona haya kukuletea vitunda vya huku. Kule kisiwani mabibo yanaanguka yenyewe, pu! pu! pu!, hakuna wa kuyaokota."

"Wewe! Nitafikaje?"

"Kwa miguu. Tazama, bahari imekupisha."

Nyani akatazama. Kweli, mchanga mtupu mpaka kisiwani. Mpwani yeyote angeuliza, yamepwa tangu saa ngapi? Nyani hakuuliza. Akashuka mbio, puta puta puta, akavuka, akala. Nyafu nyafu nyafu! Akala ya kwanza, akala ya pili, tumbo likawa ngoma. Kuinua kichwa, shwaaa! Maji yanakuja. Shwaaa! Mchanga haupo.

"Uwiii!" akapiga kelele. "Bahari imevunjika!"

Kisiwa kiko karibu, ukiita unasikika. Watoto wote wakajaa ufukweni, Mama Pimbi na Sikitu wako mbele.

"Maji yataondoka lini?" akalia Nyani. "Niambieni!"

Mama Pimbi akamwuliza, "Kwani wewe umetoka wapi, Mwalimu?"

Nyani akageuka, akatazama maji.

"Umetoka wapi?"

"Bara," akasema Nyani, kwa sauti ndogo.

Watoto wakaitikia wote kwa pamoja, "Darasa la kwanzaaa!"

Walicheka, wakagaragara mchangani. Lakini Sikitu hakucheka, maana alimwona Nyani anatetemeka. Nyani akasema, "Nilipofika hapa sikujua kitu cha bahari. Nikaona aibu kuuliza, nimeshaitwa Mwalimu. Miaka ikapita. Sasa ningeanzia wapi?"

Sikitu akakanyaga maji mpaka magotini, akapaza sauti. "Mwalimu, sikiliza. Maji kupwa!"

"Maji kupwa," akaitikia Nyani.

"Maji kujaa!"

"Maji kujaa."

"Leo yalipwa saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Kesho yatapwa saa ngapi?"

Nyani akahesabu vidole vya mikono, akaongeza vya miguu. "Saa... saa tano kasoro dakika kumi?"

"Umepata!" akasema Sikitu. "Usiku yatapwa tena, lakini usivuke gizani. Vuka kesho."

Nyani akalala hukohuko. Kesho yake, saa tano kasoro dakika kumi, akavuka miguu mikavu. Akapanda kilimani, akapiga kengele, ngo! ngo! ngo!, akafagia buibui, akamwita kila mtoto kwenye darasa lake. Sikitu akaingia la nne. Nyani alipouliza swali la kwanza tu, mkono wake ulikuwa juu. Mama Pimbi aliyekuwa anachungulia dirishani akashindwa kuondoka.

Na alasiri, kule la kwanza, benchi la nyuma, magoti yamegusa masikio, alikaa nani?

— Nyani!

Nyani. Bi Kaa anafundisha.

Sasa shikeni funzo. Ukihamia ugenini, kubali kurudi la kwanza, tena ushukuru. Barua ya uhamisho kazi yake kufutia mdomo. Na Mwalimu Mkuu asiulizwe alikotoka, ni utovu wa adabu.

Hadithi nimeifunga hapo, mwenye ya kwake aifungue.

— Shangazi, na wewe ulitoka wapi?

Eti nini? Nani kauliza? Wa muwa? Toka mbele yangu! ... Bara, mwanangu. Sogea hapa, nami nilikuwa na barua.