Stelingi wa Kwao

Mtu mmoja wa Makambako alikuwa na banda la video, lile watu wanaloliita kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Jina lake Mgaya. Kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni na kutafsiri filamu huku inaendelea. Siku moja alileta filamu ya majambazi wa Jamaika, na banda likajaa kuanzia mchana. Kiingereza cha watu wale hata waliosoma hawakuambulia kitu, hivyo kila neno walilisikia kwa kinywa cha Mgaya.

Mnaijua kanuni yetu. Mtu anayeonekana tangu mwanzo ndiye stelingi, na stelingi hafi. Wengine wote ni maadui, wa kufa tu. Sasa stelingi wa filamu ile alikuwa muuaji. Aliua waliomkosea, akaua na waliosimama karibu nao, na watu wazima wenye wake na watoto wakampigia makofi. Msitazame chini, nasema na ninyi.

Wakitoka nje, maoni yaligongana. Mmoja alisema hii ndiyo filamu, bunduki hazilali. Mwingine alisema ni ushenzi mtupu, ichomwe moto. Wa tatu akasema ndivyo umaskini ulivyo, mtu akinyimwa kila kitu atajichukulia mwenyewe. Walibishana mpaka mate yakawakauka. Kesho yake wote watatu walikuwa benchi la mbele.

Kwenye benchi hilo alikaa pia Zakalia, mpasua mbao. Kaka yake, Kastori, alikuwa amejikatia peke yake misindano, miti ya mbao aliyowaachia baba yao wote wawili, na alipoulizwa akasema mbele ya ukoo mzima kwamba Zakalia si damu ya nyumba ile. Neno hilo lilimchoma. Tangu hapo hawakusalimiana, na kwa Wabena kumpita ndugu yako bila kumwambia kamwene ni kama kumzika angali hai. Zakalia akanoa panga, wala hakuficha. Kila filamu ile ilipoonyeshwa alikuja, na stelingi alipofyatua risasi alisema kwa sauti kwamba hivyo ndivyo mwanaume anavyosafisha jina lake. Watu walicheka, wakadhani ni utani wa bandani.

Mgaya hakucheka. Aliogopa, tena aliona aibu, maana ni yeye aliyekuwa akimpa Zakalia maneno. Kila mtu alipoanguka, yeye alitangaza kwamba adui yuko chali, kisha akasonga mbele. Basi mchana mmoja, ilipofika pale jamaa mwenye fulana ya njano anapopigwa risasi mlangoni pa duka, hakutangaza adui. Alisema jamaa huyu anaitwa Delroi, ni kitindamimba, ametumwa mafuta ya taa, na mama yake anamsubiri. Aliyeanguka baada yake akampa mke. Wa tatu akampa kaka waliyegombana naye, na huyo kaka yuko njiani anakuja kumwomba radhi. Banda likachafuka. Watu wakapiga mluzi, wakamwambia atafsiri filamu, mahubiri apeleke kanisani. Zakalia akasimama akauliza, huyo wa tatu ni stelingi au ni adui, mbona anapambwa hivyo?

Mgaya akasogeza maikrofoni mdomoni. "Kwao, huyu ndiye stelingi."

Zakalia alitoka filamu ikiwa katikati. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, panga likiwa kiunoni. Kastori alikuwa uani na wanawe, wanapukuchua mahindi, na alipomwona mdogo wake akiingia alijua saa yake imefika. Hakukimbia. Alisimama mbele ya watoto akawaficha kwa mwili wake. Watoto wakachungulia kwa nyuma, wakamwona baba yao mdogo, wakamwamkia kama walivyofundishwa. Hapo Zakalia akachomoa panga, akaliweka chini, akasema kamwene. Kastori alilia kwanza. Kisha akakiri, wanawe wakisikia, kwamba aliyoyasema mbele ya ukoo yalikuwa uongo wa tamaa, na kwamba atarudi kwa wazee wale wale kuyafuta. Akayafuta. Miti iliyokatwa haikurudi, lakini mvua zilipoanza walipanda mingine, wote wawili, shamba moja.

Bandani ubishi haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema Mgaya aliharibu filamu nzuri. Wapo wanaosema alidanganya watu, kwa kuwa katika filamu yenyewe wale waliouawa hawakutajwa majina hata mara moja. Haya, ninyi mnaojua kupima filamu, nipimieni na hili: mtu akisema kila anayeanguka ana nyumba inayomsubiri, amesema uongo gani?