Tano, Baki Moja

Paukwa.

Pakawa.

Aa, nyuma huko hamjaitika. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya mkuyu ng'ambo ya mto, miguu inaning'inia, palikuwa na shule ya wanyama kisiwani, katikati ya maji. Mwalimu wa hesabu, Kasuku. Wanafunzi, thelathini na mmoja. Kasuku akisema, wanafuatisha. Akinyamaza, wananyamaza.

Siku moja mto ukafura. Bwa, bwa, maji mlangoni. Mzee Kiboko akaja. "Mgongo wangu unabeba sita. Niambieni safari ngapi. Nikimaliza nakwenda kulala."

Kasuku akauliza darasa, "Thelathini na moja gawanya kwa sita?"

Digidigi, kiranja, wa kwanza kila muhula, akaruka. "Tano, baki moja."

"Mpigieni makofi." Pa, pa, pa.

Nguchiro, wa mkiani kila muhula, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo moja ni nani?"

"Hesabu haina nani, mjinga wewe. Hesabu ina jibu. Mzee, safari tano."

Digidigi akawapanga wenzake foleni. Kiboko akaingia majini, chubwi, sita wakavuka. Chubwi, sita. Chubwi, sita. Mara tano. Kasuku akavuka kwa mbawa zake. Kiboko akapanda ukingoni, akaanza kutafuna majani.

Tukageuka. Kule kisiwani kasimama Digidigi, peke yake, maji magotini.

"Mwalimu, nimebaki."

"Sawasawa," akajibu Kasuku. "Baki moja. Jibu lako ni sahihi."

Jamani. Twiga alisahau kufunga mdomo. Mimi nilishika tawi kwa mikono miwili. Neno walilokuwa wakiliimba kila asubuhi, kumbe lina miguu minne, lina masikio, na linalia.

Nguchiro akamfuata Kiboko. "Babu, bado safari ya sita."

"Nimeambiwa tano."

"Tumekosea."

"Ya sita ina wangapi?"

"Mmoja."

"Nivuke kwa ajili ya mmoja?"

"Kwa mmoja, babu."

Kiboko akaacha kutafuna. Chubwi. Alimkuta Digidigi yamebaki masikio tu.

Kesho yake Kasuku akaanza tena. "Arobaini na moja gawanya kwa nane?"

Wote wakamtazama Digidigi. Akasimama, manyoya hayajakauka. "Mwalimu, hao arobaini na mmoja wanakwenda wapi?"

Basi, ukipata jibu, usingoje makofi. Liulize kwanza linamwacha nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, ng'ambo, na wote thelathini na mmoja wapo. Ila lile la Kiboko kuacha kutafuna nimelitia mwenyewe. Alikwenda huku anatafuna.