Mawe Nyuma ya Lori

Ndugu zangu, alikuwepo dereva mmoja aliyechoka kuendesha lori la mtu mwingine. Miaka nenda miaka rudi alipeleka mali za watu, akarudi nyumbani na mfuko mwembamba na mgongo unaouma. Akakaa na mkewe, wakauza shamba lao la mahindi, wakanunua lori la zamani ambalo injini yake imekwisha kufunguliwa mara kadhaa. Siku lilipoingia uani, mkewe alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Lakini kupata lori si kupata mzigo. Muulizeni yeyote aliyewahi kuanza. Kwenye yadi ya malori alikuta kampuni zenye magari mengi zimeshashika wateja wote. Madalali walimtazama, wakalitazama na lori lake, wakamwambia, "Subiri kaka, tutakuita." Akasubiri. Akapika ugali ubavuni mwa gari, akalala ndani ya kabini. Malori yaliyofika nyuma yake yakapakia na kuondoka, yeye yupo tu, anafuta vumbi kwenye kioo. Kila siku aliomba: "Ee Mungu, nipe mzigo mmoja. Mmoja tu, mengine nitajua mwenyewe." Mnacheka? Si ndivyo tunavyoomba?

Basi Mungu akampa. Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, mtu wa maneno machache. Akalizunguka lori, akagonga tairi kwa kiatu, akavuta turubali kuona kama limetoboka.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na utingo wako yuko wapi?"

"Sina, mama. Nimeanza juzi tu. Najibana mwenyewe mpaka nisimame."

Mama akafikiri kidogo. "Haya, nakujaribu. Pakia viazi vyangu. Vikifika sokoni vizima, msimu huu wote utabeba wewe. Hao wenye makampuni nimewachoka, wananiachia mzigo juani kama vile si chakula."

Mmesikia? Msimu mzima! Kwa mtu aliyeuza shamba, hapo ndipo penye ada za watoto, hapo ndipo penye uso wa kumtazama mkewe. Akapakia, akafunga kamba, akaondoka anaimba pambio.

Sasa, njia ile ina mlima wenye kona kali, na ukungu hushuka pale hata mchana. Katikati ya mlima lori likachemsha. Wanaojua safari wanajua kinachofuata, kwa sababu breki ya mkono ya lori kuukuu lenye mzigo huwezi kuiamini mlimani. Akaruka chini, akatafuta mawe mawili makubwa, akayasukumia nyuma ya matairi. Akakata matawi, akayatandaza barabarani ili wanaokuja wajue kuna gari limekwama. Mpaka hapo kafanya vizuri, au siyo? Injini ikapoa, akaongeza maji, akawasha, ikaitika. Akaondoka.

Na mawe je? Kutoa mawe ni kazi ya utingo. Gari likishasogea, yeye anayatupa porini, kisha anakimbia kulidandia. Huyu hakuwa na utingo. Ilimpasa apande mpaka kwenye tambarare kule juu, aegeshe, ashuke kwa miguu mpaka kwenye yale mawe, ayatoe, halafu apande tena. Naona madereva wetu hapo nyuma mnatazamana. Tulieni, sijamtaja mtu.

Alipofika kwenye tambarare alipunguza mwendo. Akatazama kwenye kioo cha pembeni, haoni ila ukungu. Akafikiria viazi. Akafikiria msimu mzima. Ndugu huyu hakuwa mtu mbaya, na wale wa nyuma hakuwasahau. Alivua kofia, akasema kwa moyo wake wote: "Ee Mungu, walinde wasafiri wote wanaokuja nyuma yangu. Amina." Akavaa kofia, akakanyaga mafuta.

Viazi vilifika. Hata gunia moja halikulowa. Alishusha, akanawa uso, akakaa kwenye ngazi ya kabini kungojea simu ya mama, moyo unamdunda kwa furaha. Simu ikaita.

"Mama, vimefika! Vyote vizima!"

"Afadhali, mwanangu. Mungu akubariki." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelala. "Mimi niko hospitali. Mguu umevunjika. Nilikuwa nakufuata na pikapu, nikasema nikukute sokoni tukae tupatane habari ya msimu. Pale mlimani mtu kaacha mawe barabarani. Kwa ule ukungu, matawi na mawe tumeyaona tumeshayafikia. Tukaingia mtaroni."

Mama akaendelea, wala hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu:

"Wewe ulitangulia kupita pale. Hukuyaona hayo mawe, mwanangu?"

Alijibu nini? Sitawaambia, kwa maana swali hilo sasa limehama kwake, limeingia humu ndani.

Sisi, ndugu zangu, ni watu wa maombi, na tukikwama tunashika jiwe lolote lililo karibu. Siku ile kazi ilipokuponyoka, ulimrushia mkeo neno zito ili wewe usibiringike. Kazi imerudi, lori limewaka, umeshafika tambarare. Neno lako bado liko pale sebuleni, na watoto wanajikwaa. Mwingine alimsingizia mwenzake ofisini ili yeye asifukuzwe. Alipona, akapanda cheo. Na kila Jumapili anakuja hapa, anafumba macho, anamwombea huyo mwenzake Mungu amfungulie njia. Njia iliyozibwa na nani? Unamwombea mtu asijikwae kwenye jiwe lako mwenyewe!

Mungu hakumnyima yule dereva mzigo. Alimpa mzigo, na miguu miwili ya kushukia mlima alikuwa ameshampa tangu zamani. Inaniuma kusema hili, kwa sababu nawapenda: maombi mengine tunayaomba kwa kuwa ni mepesi kuliko kushuka.

Nilipanga tumalize kwa sala. Leo hapana. Tutoke kimya kimya, kila mmoja arudi kwenye mlima wake. Mawe unajua yalipo, maana uliyaweka wewe. Yatoe kwanza. Sala ya kufunga ibada utaisema hukohuko, mikono ikiwa na vumbi.