Ufunguo wa Mama Lusungu

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na gari, na mkewe alikuwa na leseni. Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Mama wa watu alijifunza udereva, akafaulu, akamwomba mumewe ufunguo wa pili. Mume akasema sawa, mke wangu, gari ni letu sote. Akaenda kwa fundi wa kuchonga funguo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi wetu hapa gari tunalijua kwa kulipisha njia. Ufunguo wa magari ya siku hizi si chuma tu. Ndani ya kile kichwa chake cha plastiki mna kidude kidogo kama punje ya mchele, na gari linakitambua. Kisipokuwemo, mlango utafunguka, ufunguo utazunguka, lakini injini haiwaki ng'o. Yule bwana alilijua hilo. Akamwambia fundi achonge chuma, kidude asiweke. Akampelekea mkewe ufunguo unaong'aa, na mama wa watu akasimama mbele ya jumuiya akatoa shukrani kwamba mume wake anamwamini. Mume alikuwa palepale, akapigiwa makofi, akayapokea. Mnaguna? Guneni.

Basi ikatokea safari. Bwana alikuwa anakwenda Njombe kuangalia kiwanja, peke yake. Katikati ya ile misitu ya miti ya mbao, mahali pasipo na hata kibanda cha chai, akasimama kujinyoosha mgongo. Wakati anarudi kwenye gari ufunguo ukamponyoka, ukaangukia jiwe. Kichwa kikapasuka, kidude kikarukia majanini. Alitambaa kwa magoti mpaka suruali ikalowa umande, hakukiona. Akaingia na kile chuma kilichobaki, akazungusha. Gari kimya. Taa ndogo nyekundu ikawa inamkonyeza tu. Ufunguo wake ulikuwa umegeuka kuwa sawasawa na ule aliompa mkewe.

Akapiga simu. Fundi wa umeme wa magari akasema atafika kesho na kompyuta yake. Rafiki mmoja hakupokea, mwingine akampa pole nyingi kisha akakata. Malori yalipita bila kupunguza mwendo. Baridi ya kule mnaijua. Bwana mzima, mwenye kitambi chake, akatamani kulia. Ndipo simu ya mkewe ikaingia, kuuliza kama amefika. Akamweleza mahali alipokwama, kwamba ufunguo umevunjika, na fundi ni wa kesho.

"Usihangaike," mama akasema. "Ufunguo wangu ninao. Nakuja na basi."

Akakata simu. Je, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Simu ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwepo. Ilikuwa ni kumpigia tu na kusema, usije mke wangu, ufunguo niliokupa ni uongo. Yule bwana akaitafuta namba, akaitazama, akarudisha simu mfukoni. Akaitoa tena, akairudisha. Mchana wote alikaa ndani ya lile gari, vioo vikijaa ukungu wa pumzi yake mwenyewe, na kila basi lililotokea kwenye kona lilimrusha roho. Alikuwa akimngoja mtu pekee duniani aliyejali kuja, na huku anaomba mtu huyo asifike. Hebu niambieni, kuna upweke unaozidi huo?

Jua linaelekea kuzama, basi likasimama. Mama akashuka na kikapu mkononi na blanketi begani, akampa pole, akamkabidhi ufunguo. Na yule bwana, badala ya kusema ukweli hata saa hiyo, akajitia hamnazo. Akauchomeka, akazungusha, akatikisa kichwa, akasema gari hili nalo lina vituko, hata ufunguo huu limeukataa.

"Baba Lusungu," mkewe akamwambia taratibu, "acha. Najua."

Akamweleza yote. Ile siku mtoto alipobanwa na kifua, baba akiwa safarini na gari limebaki nyumbani, alimlaza Lusungu kiti cha nyuma, akazungusha ufunguo mpaka kiganja kikamuuma. Ile taa nyekundu yeye ndiye aliyetangulia kuiona. Akampakata mtoto kwenye bodaboda, mvua inanyesha. Baadaye akaenda kumuuliza fundi. Mume aliporudi, alimwambia tu kwamba aliogopa kuendesha kwenye tope, na mume akajibu afadhali hukujaribu.

Bwana akakosa pa kuweka macho. "Kama ulijua hauwashi, umekuja kufanya nini?"

"Si umesema fundi ni wa kesho? Ungelala hapa peke yako?"

Wapendwa, sisi tumechonga funguo ngapi za namna hiyo? Unamwambia mwanao niambie chochote, akikwambia unageuka mbogo. Unamwambia ndugu yako nyumba hii ni yako, na mipango yote unaipanga akishaondoka. Na Bwana naye kila Jumapili tunamwimbia karibu moyoni. Mlango tunamfungulia, kiti anakaa, lakini tumehakikisha hakuna kitu anachoweza kuwasha. Halafu tunalalamika kwamba tuko wapweke. Tunadhani hajui. Anajua siku nyingi, na bado tukikwama anakuja na blanketi.

Kina baba mnaotazama viatu, inueni macho. Kina mama, msicheke, nanyi mna vya kwenu. Mkitoka hapa, kila mmoja amtafute yule aliyempa chuma kitupu, amwambie leo, kabla hajakwama njiani. Maana yule bwana alisamehewa, ndiyo, na siku ya pili fundi akaja, gari likawaka, wakarudi nyumbani pamoja. Lakini alitangulia kuambiwa. Nafasi ya kusema mwenyewe ilikuwa mfukoni mwake mchana kutwa, na mpaka leo hiyo ndiyo inayomuuma.