Pikipiki ya Mkunga na Jina la Mtoto

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa, kwa sababu mwisho wa hadithi hii nitawaachia kazi.

Huko Lwangu milimani, ambako ukungu hukaa barabarani hadi saa nne asubuhi, palikuwa na banda lenye milango mitatu, na kila mlango ulikuwa na fundi wake.

Osmundi Tweve alikuwa na masikio. Pikipiki ikipita nje, yeye yuko ndani anakula, alikuambia ni ya nani na nati gani imelegea.

Festo Luvanda alikuwa na pua. Alinusa injini, akakuambia imekula nini tangu Jumapili.

Edina Mahenge alikuwa na macho ya tarakimu. Kazi yake ilikuwa simu na redio, lakini alikuwa na kompyuta na waya, na kitu chochote chenye kompyuta ndani alikisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Wenzake walimwita "fundi simu", na hawakulisema kwa heshima.

Jumatatu moja, Sista Melania Chaula, mkunga wa zahanati, aliegesha pikipiki yake mbele ya milango hiyo, akakaa kwenye jiwe bila kumsalimia mtu. Alikuwa na kichefuchefu.

Miezi miwili kabla, alikuwa amemwachia Tweve pikipiki hiyo abadilishe oili. Alipoirudia, ekzosi yake ilikuwa imeondolewa, mahali pake pana bomba wazi lenye mdomo kama tarumbeta. Sanduku la kuchujia hewa nalo halikuwapo. Palikuwa na chujio dogo tu, linalomeza hewa kutoka kila upande.

"Sista, nimekupendezeshea," Tweve alisema. "Sasa ukipita, watu watajua mkunga kapita."

"Nani alikutuma?"

"Zawadi tu, Sista. Hata usilipe."

Ekzosi ya zamani alikuwa ameshampa mwenye mashine ya kusaga. Sanduku alilifanya kopo la nati.

Pikipiki ilinguruma kweli. Lakini hewa ilikuwa imezidi na mafuta yamebaki yale yale. Ikawa inapiga mafataki ikishuka, inachemka ikipanda, na kwenye mwinuko inakata nguvu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wiki mbili kabla ya Jumatatu hiyo ilizimika njiani kwenda Ihanja, kijiji cha juu kabisa. Melania aliisukumia majanini, akapanda kwa miguu saa mbili. Alimkuta mama amelala, na pembeni yake mtoto amefunikwa kanga mpaka usoni. Aliifunua kanga, akatazama, akaifunika tena. Tangu siku hiyo harufu ya petroli ilimfanya ateme mate.

"Ipande hadi Ihanja bila kuzimika," aliwaambia mafundi. "Maneno mengine sitaki."

Tweve akaiwasha, akafumba macho. "Kuna filimbi," alisema. Mpira unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka chini ya klipu, pale pale alipoukaza yeye mwenyewe. Akaweka mpira mpya, akabadilisha na gasketi ya lile bomba. Mafataki yakakoma. Melania akaupanda mlima. Pikipiki ilifika darajani, mwanzo wa mlima, ikazimika.

"Angalau darajani, Sista," Tweve alimwambia Melania aliporudi, akatema ugoro karibu na kiatu cha mkunga.

Luvanda akafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama majivu. "Hii ina njaa ya mafuta," alisema. Akanusa tangi, akachomoa pampu ya mafuta. Chujio lake lilikuwa limevikwa utelezi wa kahawia, mzito kama kamasi. Akauchota kwa kidole, akaonja. Melania aligeuza uso.

"Alizeti," Luvanda alisema. "Kuna mtu anauza petroli kwenye chupa za mafuta ya kupikia, na hajaziosha."

Hakumtaja mtu huyo. Chupa zenyewe zilikuwa zimepangwa kwenye meza mlangoni kwake, na kila wiki Melania alinunua hapo. Luvanda akaosha pampu na tangi, akajaza petroli ya kituoni. Pikipiki ilivuka daraja, ikafika kanisani, nusu ya mlima. Hapo ikaanza tena kukohoa.

Melania alikuwa ndiyo kwanza amerudi chini simu yake ilipoita. Alikuwa Lusungu Sigalla wa Ihanja. Mkewe, Ezelina, ameshikwa na uchungu.

"Sista, nasikia pikipiki bado."

"Bado."

"Mwambie huyo fundi, atakayeifikisha huku, mwanangu atachukua jina lake."

Mafundi wote watatu walisikia. Kule Ihanja, wajina wa mtoto si mtu wa kupita. Siku ya ubatizo huketi karibu na baba, na mtoto akikua humwamkia kama mzazi.

Edina alikuwa ameshaleta waya. Akaichomeka kompyuta yake chini ya kiti cha pikipiki, akasoma.

"Kompyuta ya pikipiki bado inaamini ekzosi ya zamani ipo na sanduku lipo," alisema. "Inapuliza mafuta ya pikipiki ambayo haipo tena. Panda, Sista, mimi nakaa nyuma."

Wakaondoka wawili, Edina kaikumbatia kompyuta. Kila mwinuko alisoma tarakimu na kuongeza mafuta: kidogo kwenye mwendo mdogo, zaidi kwenye mwendo wa kati, na mengi pale injini ilipokazwa. Wakavuka daraja. Wakapita kanisa. Wakafika Ihanja na injini haijakohoa hata mara moja.

Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Melania alikiondoa kwa vidole. Mtoto hakulia. Alimsugua mgongo, akamsugua tena, ndipo akalia.

"Ningekuja kwa miguu," alimwambia Lusungu, "saa hizi ungekuwa unachimba kaburi."

Jumapili mafundi watatu walipanda Ihanja kudai jina, na Sista naye alikuwapo. Mtoto alikuwa wa kiume. Walikaa kwenye benchi moja, na aliyewaletea chai alikuwa jirani, mama wa yule mtoto wa kanga. Wakapokea vikombe, hawakumtazama.

"Mimi ndiye niliyeziba hewa," Tweve alianza. "Bila mimi, tarakimu za huyu zingemdanganya."

"Na bila mimi," Luvanda alisema, "angeamrisha mafuta yasiyopita."

"Na bila mimi," Edina alisema, "Sista angefika kanisani akaanza ibada."

"Mtoto wa kiume aitwe Edina?" Tweve aliuliza.

"Aitwe Edini. Kwani wewe Osmundi jina lako ulilitoa wapi, si kwa mchungaji?"

"Fundi simu ana maneno!"

"Maneno ninayo. Wewe uliyeupasua mpira ndiye unayedai kuuziba? Na huyu, utelezi alioutoa si wa chupa zake?"

Luvanda aliweka kikombe chini. "Na wewe je? Siku ya kwanza pikipiki hiyo ilipopita mlangoni kwako, nilikusikia. Ulisema, 'Ile inakosa mafuta, itamzimikia mlimani.' Halafu ukaendelea kuuza vocha."

Edina alimkazia macho. "Ningesema, mngenisikiliza?"

"Sista angekusikiliza."

"Sista?" Edina alimgeukia Melania. "Sista siku ile alipita sokoni, akageuza pikipiki, akapita tena."

Ilikuwa kweli. Watu waligeuza shingo kumtazama, naye Sista alifurahi.

Tweve aliinuka, akamgusa mtoto shavuni. Kidole kiliacha alama nyeusi ya oili. Melania alichukua ncha ya kanga kuifuta, na alama ikatanuka.

"Nimeshaahidi," Lusungu alisema. "Siwezi kurudi nyuma. Sista, kadi ya kliniki iko kwako. Wewe unawajua. Andika."

Melania aliifungua kadi, akashika kalamu. Mafundi watatu waliinama kuangalia, na pumzi zao za ugoro na chai zikamfikia usoni. Kichefuchefu kile cha Jumatatu kilirudi, na safari hii hakujua kimeletwa na nani kati ya watu wanne, mafundi watatu au yeye mwenyewe. Mbele yao mama wa mtoto wa kanga alikuwa amesimama na sinia, anasubiri vikombe.

Hapo ndipo naishia mimi. Kalamu ni yenu. Osmundi, Festo au Edini: mngeandika jina la nani kwa mtoto huyu aliye hai? Na yule wa jirani, aliyezikwa bila jina, kwenye kadi yake mngemwandika nani kati ya wale wanne kuwa ndiye aliyemchelewesha mkunga?